Kanali Hapaniki

Saa nane usiku mwenye nyumba wangu aligonga mlango kwa fimbo. Mtaa mzima unamwita Afande, maana alistaafu jeshini akiwa sajini na hajatupa nafasi ya kulisahau hilo.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Unapika nini usiku huu? Ukuta wangu unanguruma."

"Napika kerneli."

Afande alichungulia ndani juu ya bega langu. Jiko lilikuwa limezimwa. Mezani palikuwa na laptopu imewekwa juu ya wavu wa kuchomea samaki, chini ya wavu beseni la barafu, na pembeni feni inaipuliza kama mgonjwa wa homa.

"Unamchoma kanali?"

"Kerneli, Afande. Ni kiini cha mfumo wa kompyuta."

"Kanali gani huyo?"

Ili nawe msomaji usije ukaenda kuniripoti mahali, nianze mwanzo.

Laptopu yangu ni ya mtumba, imetoka Ujerumani, nikainunua Kariakoo. Ina RAM ya GB 4 na prosesa yenye viini viwili. Kibodi yake ni ya Kijerumani, maana yake herufi Y na Z zimebadilishana viti. Betri yake inashikilia uhai kwa dakika nne, ambazo zinatosha kusema innalillahi na kufunga faili. Ilipoanza kuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi. Kijana akaitazama mara moja tu.

"Weka Linux, kaka. Nakuwekea Ubuntu hapa hapa. Dakika ishirini, hata soda hujaimaliza."

Mtu mwenye akili angeagiza soda. Mimi nilikuwa nimeshasikia kutoka kwa vijana wa kompyuta ofisini kwamba Ubuntu ni ya watu wanaopenda kutafuniwa. Mwanaume hasa, walisema, anaweka Gentoo, ambayo unaijenga mwenyewe kuanzia msimbo hadi mfumo unaowaka. Nikamshukuru fundi, nikarudi Mbagala na laptopu yangu na kichwa kilichovimba.

Gentoo ni jina la aina ya pengwini, yule anayeogelea kwa kasi kuliko pengwini wote. Wenye mfumo walilichagua kwa matumaini kwamba programu iliyopikwa juu ya mashine yako mwenyewe itakimbia kuliko ile ya kununua imefungwa. Pengwini kwenye Linux hakwepeki. Nembo ya Linux yenyewe ni pengwini mnene anayeitwa Tux, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996, ameketi kama mtu aliyetoka kula shughulini. Mwenye Linux, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, nchini Finland, alipowatangazia wenzake Agosti 1991 kwamba anaunda mfumo wa bure wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari ya msimbo kama 10,000. Leo imezidi milioni 30, na kerneli hiyo iko ndani ya kila simu ya Android, pamoja na ile ya mama ntilie wetu anayepokelea malipo.

Nami nilijiambia naifanya kwa kujifurahisha tu.

Tatizo la Gentoo ni kwamba haina kile kitufe cha "endelea, endelea, maliza". Umeagiza chipsi mayai, unaletewa mbegu za viazi, jembe na kuku jike. Juu yake unapewa kitabu cha Mwongozo, kizuri sana, kinachodhani kwamba unakisoma kabla ya kutenda.

Mwongozo unasema hifadhi kwanza mafaili yako. Hilo nililisoma. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na orodha ya michango ilikuwa ndani ya laptopu ile: majina 83, nani ameahidi, nani amelipa, nani amelipa nusu, na nani anapiga simu kila wiki kueleza. Nikainakili kwenye flashi. Moyo ukatulia. Ukurasa uliofuata ukasema nichukue flashi nichomee kisakinishi. Nyumbani nilikuwa na flashi moja.

Kuchoma huko hakuongezi kitu juu ya vilivyomo. Kunaandika flashi upya tangu baiti ya kwanza, kilichokuwapo kisionekane tena. Hilo nililijua siku tatu baadaye. Saa ile nilikuwa na furaha ya mtu aliyefuata maelekezo. Nikaiwasha laptopu kwa flashi, nikafungua fdisk, programu ya kuigawa diski. Kuigawa diski ni sawa na kupima viwanja: kimoja kidogo cha kuwashia, kimoja cha kuisaidia RAM ikizidiwa, na kikubwa cha makazi. Tofauti ni kwamba fdisk hailipi fidia kwa wakazi iliowakuta. Ina ustaarabu mmoja tu: haiandiki chochote mpaka ubonyeze herufi w. Nikabonyeza w. Wachangiaji wote 83 wakavunjiwa.

Jumatano jioni shangazi akapiga simu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati.

"Mwanangu, hebu nisomee ile orodha tuone tumefikia wapi."

"Shangazi, orodha iko kwenye matengenezo."

"Orodha nayo inatengenezwa?"

"Naiboresha, shangazi."

Nikasonga mbele, maana nyuma hapakuwa na kitu tena. Nikashusha furushi la mfumo wa mwanzo, bando likaisha, nikanunua jingine. Nikafika mahali pa kuchagua saa za eneo, nikachagua Dar es Salaam kwa kujivuna. Udadisi ukanituma nichungulie ndani. Kumbe kwenye hifadhidata ya saa za dunia Dar es Salaam siku hizi imeunganishwa tu kwenye Nairobi. Saa zetu ni zile zile, watunzaji wakaona data moja yatosha, ikabaki ya Nairobi na sisi tukavutiwa waya kutoka kwa jirani. Afande sikumwambia.

Halafu tukaingia kwenye usaili.

Kabla ya kupika kerneli unafungua menyu ya rangi ya buluu inayokuuliza nini kiwemo na nini kisiwemo. Maswali ni maelfu. Mengi yanahusu madereva, yaani vipande vya msimbo vinavyoendesha kila kifaa: dereva wa sauti, dereva wa kamera, dereva wa kila kadi iliyopata kutengenezwa duniani. Nimekaa Mbagala miaka tisa, na madereva nawajua. Nikaamua kuajiri wachache.

Ukitaka dereva aingie unabonyeza Y. Humtaki, unabonyeza N. Hapo kibodi ya Kijerumani ikatoa mchango wake. Kisakinishi kilidhani nina kibodi ya Kimarekani, kwa hiyo nikibonyeza kitufe kilichoandikwa Y kilitoka Z, na kwenye menyu ile Z ina kazi yake: inafichua maswali yaliyokuwa yamefichwa. Nilipojaribu kumkubali mtu mmoja, waombaji kazi wengine wakajitokeza kutoka nyuma ya pazia. N peke yake ndiyo ilifanya kazi sawasawa. Basi nikabaki mtu wa kukataa.

Mwanzoni nilikataa kwa haki. Dereva wa vifimbo vya michezo ya video, N. Redio za watu wanaozungumza na mabara mengine kwa kujifurahisha, N. Kadi za kunasa televisheni, N. Mkono ukakolea. Ni raha isiyosemeka kwa mtu ambaye hajawahi kuwa bosi wa yeyote kuketi usiku anapunguza wafanyakazi. Nikakutana na mmoja anaitwa SCSI. Nikasoma habari zake: ni kiwango cha kuunganishia diski cha miaka ya 1980, na wenyewe hutamka "skazi". Diski yangu ni SATA, kitu cha juzi. Nikalirudia jina lake kwa sauti. Skazi. Si kazi. Mwombaji mwenyewe amekiri. Mstari wake uliohusu diski nikaupiga N, nikaenda kulala.

Jioni ya pili nikaanza kupika. Amri ni make, na unaweza kuiongezea j pamoja na idadi ya vibarua wa kufanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa viini viwili ningeandika 2. Niliandika j, namba nikaisahau. Kumbe j isiyo na namba maana yake waje wote. Ni kama kutangaza kibarua bandarini bila kutaja idadi: walikuja mamia, wote wakataka kusimama ndani ya RAM ya GB 4. Herufi niliyoibonyeza saa mbili usiku ilitokea kwenye kioo saa mbili na dakika kumi. Nikachomoa waya, nikasubiri zile dakika nne, laptopu ikafa kwa heshima.

Nikaanza upya na vibarua wawili. Sasa kazi ikaenda, na kwa kuwa ilienda, joto likaja. Ndipo ukaingia wavu wa samaki, ukafuata barafu, ikafuata feni, na saa nane usiku akafuata Afande.

Nilipomaliza kumweleza hakuondoka. Alivuta kiti, akaitazama ile mistari inayopanda kwenye kioo, kila mstari faili moja lililoiva.

"Itaiva lini?"

"Bado kama saa tatu."

"Jeshini kwa saa tatu tulikuwa tunapika ugali wa kikosi kizima, na mboga."

Kabla sijajibu, nyumba nzima ikaingia giza. Feni ikanyamaza. Kutoka chumba cha tatu sauti ya mwanamke ikauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza jambo analolijua: "Zamu ya luku ni ya nani wiki hii?"

Zamu ilikuwa yangu. Ile ngurumo yangu ya usiku kucha ndiyo iliyoimaliza.

Asubuhi nikanunua umeme, nikawaomba radhi wapangaji wote watano kwa zamu. Habari njema ni kwamba make haipiki upya kilichokwisha kuiva. Inatazama saa ya faili la msimbo na saa ya faili lililotokana nalo; kilichopikwa kikiwa kipya zaidi, inakiacha. Habari mbaya ni kwamba ile betri ndogo ya saa iliyo ndani ya laptopu ilikufa zamani, pengine huko huko Ujerumani. Umeme ulipokatika, mashine ilizinduka ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Make ikayakuta mafaili ya jana usiku yana tarehe ya miaka mingi ijayo, ikashtuka kama mtu aliyeletewa pilau ya harusi ambayo posa yake haijapelekwa. Ikanionya kwamba saa imepinda na kazi huenda haijakamilika.

Hilo ni dogo, nikasema, nitairekebisha saa. Simu ilikuwa inachajiwa chumba cha pili, nikapaza sauti dirishani.

"Afande, saa ngapi?"

"Saa moja na nusu!"

Nikaandika 01:30. Make ikalalamika tena. Nikakagua kila kitu kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai kabla sijaelewa. Mafaili yangu ya mwisho yalipikwa saa nane usiku, ambayo kwa kompyuta ni 02:00. Mimi nilikuwa nimeiambia bado ni saa saba na nusu ya usiku. Kerneli yake ilianzishwa na mtu wa Helsinki, itajuaje kwamba kwetu kuhesabu saa kunaanza jua likichomoza? Nikaweka 07:30 na ziada ya chai. Ikanyamaza, ikapika.

Adhuhuri kerneli ikaiva. Nikaiweka mahali pake, nikapanga kile kiwashio kinachoitwa GRUB, nikachomoa flashi. Afande alikuwa ameomba aitwe. Alikuja amevaa shati la kupiga pasi.

Nikawasha. Herufi nyeupe zikapanda kwenye kioo cheusi kwa kasi ambayo hakuna binadamu anaisoma, na kila mstari ukanipa kichwa zaidi. Ghafla zikasimama. Ile taa ndogo ya kitufe cha herufi kubwa ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

"Inakukonyeza," Afande akasema. "Imeandika nini?"

Nikasoma mara mbili. "Imeandika kerneli imepaniki."

Afande akasimama wima. Nadhani angeweza kuvumilia kanali kupikwa, hata kuchomwa, lakini si hili.

"Kanali hapaniki."

"Afande, ndivyo ilivyoandikwa."

"Kijana, nimekaa jeshini miaka ishirini na sita. Anayepaniki ni kuruta. Ukimwona kanali amekwama, ujue kuna kitu hakupewa. Anatafuta nini?"

"Anatafuta mzizi wa mafaili aupachike. Anasema hauoni."

"Mzizi uko wapi?"

"Kwenye diski."

"Diski ipo?"

"Ipo, hii hapa ndani."

"Basi ghala lipo na kanali yupo. Mtunza ghala yuko wapi?"

Nikanyamaza. Nje mtu alipita anauza mihogo, akanadi mpaka akaishia kona, mimi bado nimenyamaza.

"Kuna watu uliwaondoa?"

"Niliwaondoa."

"Wangapi?"

"Kama mia nne."

"Ulijua kazi zao?"

"Hapana, Afande."

"Sasa uliwaondoa kwa kosa gani?"

"Walikuwa wengi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikapata kuelewa kwa nini makuruta hupaniki. "Jeshini," akasema hatimaye, "mtu usiyejua kazi yake unamuuliza kwanza. Ndipo unamfukuza."

Nikarudisha flashi, nikawasha kisakinishi, nikaufungua Mwongozo ukurasa ambao ningeusoma siku ya kwanza. Kumbe ndani ya Linux, diski za SATA hazina mlango wao wa pekee. Zinapitia mlango wa SCSI: dereva anayeandikwa kuwa ni wa diski za SCSI ndiye anayezifungua diski za SATA, na hata flashi za USB. Yule mzee wa miaka ya 1980, niliyemfukuza kwa sababu ya jina, ndiye aliyekuwa na funguo za nyumba nzima. Afande alipoelezwa hakushangaa hata kidogo. Alisema kila kambi ina mzee wa namna hiyo, na kila ofisa mpya huanza kwa kutaka kumstaafisha.

Nikafungua ile menyu ya buluu, nikabonyeza kitufe kilichoandikwa Z ili itoke Y, nikamrudisha kazini bwana Skazi pamoja na malimbikizo yake. Mara hii make ilikuwa na machache ya kupika, dakika kumi zikatosha. Nikawasha. Herufi zikapanda, zikapanda, hazikusimama. Mwisho kikatokea kistari kimoja kinachomeremeta, kinaniuliza jina langu.

Niliruka. Niliruka kweli, chumba cha tatu wakagonga ukuta.

"Ndiyo hiyo?" Afande akauliza.

"Ndiyo hiyo!"

"Picha iko wapi?"

"Picha bado, Afande. Dereva wa picha nilimwondoa."

"Na sauti?"

"Naye pia."

"Intaneti je?"

Nikatazama pembeni. Afande akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka, akaipigia laptopu saluti fupi, mimi akanipita.

Kuwarejesha wote kazini kulichukua siku sita nyingine, mmoja mmoja, kila mmoja nikiuliza kwanza kazi yake. Jumla ni siku kumi na moja, bando nne na luku mbili. Leo laptopu inawaka kwa kasi kuliko zamani, ninaandika barua na kusikiliza taarabu, mambo yale yale ambayo kwa Ubuntu ya fundi ningeyafanya kabla soda haijaisha. Hata hivyo nikiulizwa kama ninajuta, nasema hapana. Nimeijua mashine yangu ndani na nje, na ninajua zamu zangu za luku.

Kamati ya harusi ilikaa Jumapili. Kwa kuwa orodha haikupatikana, shangazi aliamua kila mjumbe na kila ndugu aseme mwenyewe, mbele ya wenzake na mbele ya Mungu, alichangia kiasi gani. Kwa maelezo yao michango yote imelipwa, na lengo limevukwa. Fedha aliyonayo mweka hazina ni nusu.

Ukitaka kupika kerneli, ndugu msomaji, pika. Ila nunua kwanza flashi ya pili.